Kitabuni na Jukwaani: Sauti ya Wanafunzi na Mabadiliko ya Jamii Nchini Kenya

Utangulizi

Mwaka 1977 ulikuwa na matukio mawili ambayo mhakiki wa tamthilia hawezi kulitazama moja bila ya jingine. Mnamo Julai, riwaya ya Ngugi wa Thiong'o iitwayo Petals of Blood ilizinduliwa jijini Nairobi, na aliyeizindua alikuwa Mwai Kibaki, waziri wa serikali. Riwaya hiyo inalisuta tabaka tawala bila ya kificho. Mnamo Novemba mwaka uo huo, serikali iyo hiyo ilifuta kibali cha mchezo wa Ngaahika Ndeenda, uliotungwa na Ngugi wa Thiong'o pamoja na Ngugi wa Mirii na kuigizwa na wanakijiji wa Kamiriithu, Limuru. Siku ya mwisho ya mwaka huo Ngugi wa Thiong'o alikamatwa, kisha akawekwa kizuizini bila ya kufikishwa mahakamani.

Tofauti hii imezoeleka kuelezwa kwa kigezo cha lugha. Riwaya ilikuwa ya Kiingereza, kwa hiyo iliwafikia wachache. Mchezo ulikuwa wa Kikuyu, kwa hiyo uliwafikia wale uliowahusu. Ngugi mwenyewe, aliyefariki mwaka 2025, aliipa hoja ya lugha uzito mkubwa katika Decolonising the Mind (1986). Maelezo haya yana ukweli usiopingika. Hata hivyo, hayatoshi, na upungufu wake unadhihirika panapotazamwa hali ya baadaye.

Kwa miaka kadhaa, hadi Bembea ya Maisha ya Timothy Arege ilipochukua nafasi yake, tamthilia ya Kigogo ya Pauline Kea ilikuwa kitabu teule cha shule za upili nchini Kenya. Mandhari yake ni Sagamoyo, jimbo la kubuni linalotawaliwa na Majoka, kiongozi anayefunga soko la wanyonge na kuwaandama wanaomkosoa. Vijana, wakiongozwa na Tunu na Sudi, wanawahamasisha raia hadi utawala huo unapoanguka. Hiki ni kitabu cha Kiswahili, lugha inayoeleweka pembe zote za nchi. Kiliidhinishwa na vyombo vya serikali, kikafundishwa na walimu walioajiriwa na serikali, na maswali yake yakatungwa na baraza la mitihani la serikali. Mnamo Aprili 2025, polisi walirusha gesi ya kutoa machozi nje ya ukumbi wa shule mjini Nakuru kwa sababu ya mchezo wa Kiingereza unaohusu vijana na utawala wa nchi ya kubuni. Hapa lugha imegeuza upande: cha Kiswahili kimetahiniwa, cha Kiingereza kimezuiwa. Maudhui nayo yanakaribiana mno. Basi kinachoogopwa ni kipi?

Makala haya yanadai kwamba kinachoogopwa ni sauti, na kwamba sauti ni kitu tofauti na ujumbe. Ujumbe unaweza kukaa kitabuni miaka nenda miaka rudi pasi na kumsumbua mtu. Sauti huzaliwa pale ambapo mtu mwenye mwili, umri na jina anasimama mbele ya wengine na kuuchukua ujumbe huo kuwa wake. Aidha, inadaiwa kuwa uhakiki wa fasihi ya Kiswahili, kwa kushughulikia tamthilia kama kitabu tu, umekuwa ukiupima ujumbe na kuiacha sauti ipotee.

Jukwaa na mwenyewe

Jukwaa la wanafunzi nchini Kenya halikujengwa na wanafunzi. Tamasha la drama la shule lilipoanza mwaka 1959, nchi ilikuwa bado chini ya Mwingereza. Michezo iliyoshindanishwa ilikuwa ya Kiingereza, na shabaha mojawapo ilikuwa kuwazoeza vijana matamshi na matumizi ya lugha hiyo. Baada ya uhuru tamasha lilichukuliwa na Wizara ya Elimu, likapanuka likaingiza vyuo, ushairi, masimulizi, ngoma na, katika miaka ya karibuni, filamu. Kiswahili nacho kikapata nafasi yake. Lakini umbo la msingi lilibaki lile lile: ni mashindano. Shule hupanda ngazi kutoka mashinani hadi taifa, waamuzi hutoa alama, na walio bora hualikwa kumtumbuiza Rais.

Umbo hili lina maana kubwa. Anayeandaa jukwaa ndiye anayetoa alama, na anayetoa alama ndiye anayekosolewa katika michezo mingi inayoletwa mbele yake. Serikali huwaambia wanafunzi waseme, kisha huwaeleza mpaka wa kusema. Kwa miongo mingi mvutano huu umevumilika kwa sababu michezo mingi ya tamasha imejifunza kujikinga. Nchi inayokosolewa hupewa jina la kubuni. Dhalimu huvaa maleba ya mfalme wa kale. Katika onyesho la mwisho mwovu hutubu au hukamatwa, na kwaya huimba wimbo wa umoja. Hadhira hucheka, hupiga makofi, hurudi nyumbani. Mtu akiitazama michezo hii kwa mfululizo hukosa kujua kama jamii imekosolewa au imebembelezwa.

Palikuwa na njia nyingine. Mwaka 1965 wanafunzi wa Makerere, chini ya uelekezi wa David Cook, walianza kuzunguka na jukwaa la kusafiri, wakiigiza kwa Kiingereza na kwa lugha za Kiafrika mbele ya watu ambao hawangefika katika kumbi za chuo. Katikati ya miaka ya 1970 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi walifuata mfano huo kwa jukwaa lao la kusafiri lisilotoza kiingilio. Tofauti ya safari hizi na tamasha ni kwamba hapakuwa na mshindi. Onyesho lilipimwa na watu waliosimama kutazama, ambao wangeweza kuondoka wakati wowote. Mwanafunzi aliyezoea kusifiwa na profesa alilazimika kujua kama mama muuza ndizi ameelewa.

Mwaka 1982 ulikuwa mgumu kwa majukwaa ya aina hii. Mnamo Machi kituo cha Kamiriithu kilibomolewa. Mwaka uo huo Alamin Mazrui, mhadhiri na mtunzi wa tamthilia ya Kilio cha Haki (1981), aliwekwa kizuizini bila ya kushtakiwa. Baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti vyuo vikuu vilifungwa kwa muda mrefu. Katika Kilio cha Haki, Lanina, mwanamke, anawaongoza wafanyakazi wa shamba la mlowezi katika kudai haki zao. Mtunzi alifungwa, lakini kitabu chake kiliendelea kusomwa vyuoni. Kwa mara nyingine kitabu kiliachwa na mtu akashikwa.

Butere, 2013 na 2025

Mifano miwili ya karibuni inahusu shule moja, Shule ya Upili ya Wasichana ya Butere, na mtunzi mmoja, Cleophas Malala. Mwaka 2013 wasichana wa Butere waliigiza Shackles of Doom, mchezo unaosawiri jamii ambayo ardhi yake imegunduliwa mafuta lakini manufaa yakaenda kwa jamii nyingine. Nchi ilikuwa imetoka katika uchaguzi mkuu wa Machi, na kovu la ghasia za 2007 na 2008 lilikuwa bado bichi. Mchezo ulizuiwa usifike katika tamasha la kitaifa kwa hoja kwamba ungechochea uhasama wa kikabila. Mwanaharakati Okiya Omtatah alikwenda Mahakama Kuu, na Jaji David Majanja akaondoa zuio hilo. Msingi wa uamuzi ulikuwa ibara ya 33 ya Katiba ya 2010, ambayo inautaja uhuru wa ubunifu wa kisanaa waziwazi.

Uamuzi huo ulikuwa hatua kubwa kwa sanaa za maonyesho nchini. Kabla ya hapo, mchezo uliozuiwa ulikuwa umezuiwa, na mwenye kulalamika alilalamika barazani. Kuanzia hapo mchezo wa wanafunzi wa sekondari ulikuwa na haki inayoweza kudaiwa mbele ya hakimu.

Miaka 12 baadaye ilionekana kwamba haki iliyoandikwa nayo huweza kubaki kitabuni. Echoes of War, mchezo wa 2025, unasawiri ufalme wa kubuni wa Mandola, ambako vijana wanagongana na watawala, na ambako simu na mitandao imekuwa silaha ya kizazi kipya. Hapakuwa na Mkenya aliyehitaji kufasiriwa. Mnamo Juni 2024 vijana walikuwa wamejaa barabarani kuupinga Mswada wa Fedha, na tarehe 25 mwezi huo wakaingia Bungeni. Baadhi yao waliuawa. Mchezo ulipoondolewa katika mashindano, Mahakama Kuu iliamuru mnamo Aprili 3, 2025 kwamba wasichana waruhusiwe kuigiza. Usiku wa Aprili 9 Malala alikamatwa na polisi mjini Nakuru. Asubuhi ya Aprili 10 wasichana waliletwa jukwaani bila ya mwongozaji wao, huku polisi wakiwatawanya kwa gesi watu waliokuja kutazama. Waliimba wimbo wa taifa, wakashuka jukwaani, wakaondoka bila ya kuigiza.

Maneno ya nani?

Waliotetea hatua za serikali hawakusema kwamba mchezo ni mbaya kisanaa. Walisema kwamba si wa wanafunzi. Waziri wa Elimu alihoji ni kwa nini mtu asiye mwalimu, naye ni mwanasiasa, awe na shughuli na watoto wa shule. Malala aliwahi kuwa seneta wa Kakamega na katibu mkuu wa chama tawala kabla ya kutofautiana na wenzake. Kwa mtazamo huu, wasichana walikuwa ngoma tu, na mpigaji alikuwa mtu mwingine.

Hoja hii inastahili kujibiwa kwa uzito kwa sababu inagusa swali la msingi katika nadharia ya sanaa za maonyesho: maneno yanayosemwa jukwaani ni ya nani? Anayedhani kuwa ni ya aliyeyaandika anatumia kipimo cha kitabu. Utamaduni wa Waswahili una kipimo kingine, na cha zamani zaidi. Katika ushairi, mtunzi na mghani wanaweza kuwa watu wawili, na hadhira haikosi kumpa mghani haki yake. Katika taarab mambo yanakwenda mbali zaidi. Mtunzi huandika maneno akiwa kwake, mwimbaji huyaimba, kisha mwanamke aliyeketi ukumbini huinuka, hucheza taratibu hadi mbele, na humtuza mwimbaji panapofika ubeti unaomgusa mtu fulani. Tangu hapo ubeti ule umekuwa wake. Aliyelengwa anajua, na ukumbi mzima unajua. Hakuna anayemtetea kwa kusema kwamba maneno yale hakuyatunga yeye.

Mwigizaji mwanafunzi yumo katika utaratibu huo huo. Mazoezi ya mchezo wa tamasha huchukua wiki na miezi. Mwanafunzi hurudia sentensi moja mara nyingi hadi apate mahali pa kuvuta pumzi. Huuliza kwa nini mhusika wake anamjibu mzee kwa ukali, naye mwongozaji hulazimika kutoa jibu. Mstari usiokalika mdomoni hubadilishwa. Kichekesho kisichochekesha bweni zima huondolewa. Kufikia siku ya onyesho, mswada alioleta mtunzi umepita katika miili mingi na umegeuka. Kudai kuwa mwigizaji huyo ni kasuku ni kutojua kazi ya uigizaji.

Ushahidi mkubwa zaidi ulitolewa na wasichana wa Butere wenyewe. Tuseme maneno yote ya Echoes of War yalikuwa ya Malala. Kukataa kuigiza hakukuwa katika mswada wake. Yeye hakuwapo, alikuwa mikononi mwa polisi. Wasichana walikuwa na amri ya mahakama iliyowaruhusu, na walikuwa na jukwaa. Wangeweza kuigiza haraka mbele ya ukumbi uliokosa watazamaji, wapewe alama, warudi shuleni, na serikali ingeweza kusema kwamba imetii mahakama. Waliamua kwamba onyesho lisilo na mwongozaji wala hadhira si onyesho, na uamuzi huo waliutoa kwa lugha ya jukwaa: kuingia, kuimba, kutoka. Walichagua wimbo ambao hakuna afisa angeweza kuuzuia, wala ambao raia hawezi kuusikiliza akiwa ameketi.

Ni muhimu kusisitiza kwamba hapa hoja si jukwaa peke yake. Vitabu teule, kikiwemo Kigogo, vimekuwa vikiigizwa na vikundi vinavyozunguka katika kumbi za miji na shule, na wanafunzi hulipa kiingilio kuvitazama. Polisi hawaji. Katika maonyesho hayo waigizaji ni watu wa kazi, hadhira ni watahiniwa wenye madaftari, na shabaha ni mtihani. Uasi wa Tunu hugeuka kuwa hoja za kukumbuka katika swali la sifa za wahusika. Kinacholeta hofu ni pale mambo matatu yanapokutana: mwanafunzi ndiye anayesema, umma ndio unaosikiliza, na hakuna mtihani wa kuyapa maneno yake kazi nyingine.

Mgala na haki yake

Waswahili husema mgala muue na haki yake mpe. Upande wa pili una mambo yasiyopaswa kupuuzwa.

La kwanza ni umri. Waigizaji wa Butere walikuwa watoto wa shule. Mtu mzima anayetunga mchezo wa kumkabili mtawala anajua bei yake na amechagua kuilipa. Mtoto wa miaka 16 huenda anaijua nusu tu. Ni kweli kwamba aliyerusha gesi ndiye wa kulaumiwa kwa gesi. Lakini mwalimu au mtunzi anayewapandisha wanafunzi jukwaani ana wajibu wa kuwaeleza kila kitu, na kuwaacha wachague, pamoja na kuchagua kutoshiriki. Uzuri wa mchezo hauondoi wajibu huo.

La pili ni kwamba wanasiasa wanajua thamani ya jukwaa la shule. Leo huenda likatumiwa kumsuta mwenye madaraka, kesho kumsifu. Kwa hakika, nyimbo na ngoma za wanafunzi za kuwasifu viongozi zilikuwa jambo la kawaida nchini katika enzi za chama kimoja, na hapakutokea waziri wa kuhoji kama watoto wanatumiwa. Anayeutetea uhuru wa wanafunzi wa kukosoa hana budi pia kuutetea uhuru wao wa kukataa kusifu. Ni uhuru mmoja.

La tatu ndilo gumu zaidi kwa wapenzi wa sanaa. Mchezo wa kuigiza haubadilishi sheria. Shackles of Doom haukugawa mafuta, na Kilio cha Haki haikupandisha ujira wa mfanyakazi wa shamba hata mmoja. Hadhira inaweza kupiga makofi hadi mikono iume, na makofi hayo yakawa ndiyo malipo ya dhamiri. Anayedai kwamba sanaa ya wanafunzi ni sauti ya mabadiliko lazima aseme ni mabadiliko ya nini.

Jibu linalopendekezwa hapa ni la kiasi. Linalobadilika kwanza ni aliyepanda jukwaani. Msichana aliyetumia miezi mitatu kutafuta namna ya kusimama kama kiongozi wa raia amepata jambo ambalo swali la insha haliwezi kumpa: anajua sauti yake inafika umbali gani. La pili linalobadilika ni mpaka wa yale yanayosemeka hadharani. Mwaka 1977 mchezo ulifutwa kwa barua. Mwaka 2013 zuio lilihitaji kujitetea mahakamani, likashindwa. Mwaka 2025 lilihitaji gesi, mchana, mbele ya kamera, na jina la mchezo likajulikana na watu ambao hawajawahi kutazama tamasha la drama. Hii haimaanishi kwamba mambo yamekuwa mema. Inamaanisha kwamba kuzima sauti kumekuwa kazi ya kuonekana, na anayeonekana huulizwa.

Hitimisho: kazi ya uhakiki

Inabaki kuuliza idara za fasihi zinahusika vipi. Tasnifu juu ya tamthilia za Kiswahili ni nyingi: maudhui katika fulani, usawiri wa mwanamke katika fulani, mtindo katika fulani. Karibu zote huanzia na kuishia katika kitabu kilichochapishwa. Kila mwaka mamia ya michezo, mashairi na masimulizi ya wanafunzi huigizwa kuanzia mashinani hadi taifa, mengi kwa Kiswahili, na mengi hupotea wiki ile ile. Mswada hubaki katika droo ya mwalimu hadi atakapohamishwa. Mchezo uliozuiwa hukumbukwa kwa kesi yake. Ule ambao haukuzuiwa haukumbukwi kabisa. Kwa njia hii historia ya jukwaa la wanafunzi imekuwa historia ya zuio, kana kwamba ni polisi pekee wanaojua kutambua mchezo wenye nguvu.

Yapo mambo yanayowezekana bila ya fedha nyingi. Mwanafunzi wa uzamili anaweza kufuata mchezo mmoja tangu usomaji wa kwanza wa mswada hadi onyesho la mwisho, na kuandika kila mstari uliobadilishwa, nani aliubadilisha na kwa nini. Idara inaweza kuomba miswada kutoka shule za eneo lake, kwa ridhaa ya watunzi na waigizaji, na kuihifadhi pamoja na kanda za maonyesho. Mhakiki anaweza kuketi ukumbini miongoni mwa hadhira na kuandika ilicheka wapi, ilinyamaza wapi. Utafiti wa namna hiyo ungeonyesha pia udhaifu: michezo iliyoandikwa kuwafurahisha waamuzi, suluhisho la haraka, wahusika wa kadibodi. Sauti isiyohakikiwa haikui.

Kitabu kitaendelea kuwa na nafasi yake, na mtihani vilevile. Lakini mwanafunzi anayejifunza juu ya Tunu darasani kisha akaambiwa kwamba jukwaani hana maneno yake mwenyewe amefundishwa mambo mawili yanayopingana. Wahadhiri wa fasihi ndio waliomfundisha lile la kwanza. Hawawezi kunyamaza anapofundishwa la pili.